Boga la Nkhono Lililovishwa Blanketi la Kanisani

Nimewahi kumwona mzee wa kanisa, mtu mzima na mvi zake, amesimama ukutani kwetu asubuhi na mapema akilinyooshea boga kidole.

Sitanii. Kidole kimenyooka, jicho moja kalifumba, kama mtoto anayelenga ndege kwa manati.

Muhindi wangu ukaungulia motoni nikimtazama.

Najua utauliza, sasa kosa liko wapi? Ngoja. Kwetu milimani Lesotho, boga likiwa bado shambani halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi, unaelekeza kwa vifundo. Ukinyoosha kidole, boga linaoza hapo hapo lilipo. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua.

Na lile halikuwa boga la mchezo. Lilikuwa boga lililobeba nyumba nzima.

Nianze mwanzo.

Naitwa Keneuoe. Nashona suruali kiwandani Maseru. Mwaka ule nilipata likizo mwishoni mwa mwezi wa tatu, mjomba wangu Mokhethi akanipigia simu.

"Nenda kwa bibi yako ukamsaidie kufungasha. Baridi ikianza nataka awe kwangu mjini."

"Amekubali?"

"Tumewekeana dau," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshashinda.

Dau lenyewe lilikuwa hivi. Kijijini kwetu kuna Jumapili moja ya kushukuru mazao mapya. Kila mtu anapeleka kanisani alichovuna, na boga kubwa kuliko yote linasimama mbele, chini ya mimbari. Mwenye nalo ndiye anayeanzisha wimbo. Mjomba alimwambia bibi, ambaye sote tunamwita Nkhono: "Mama, wewe kulima umeshachoka. Boga lako likisimama mbele mwaka huu, sitakusumbua tena. Lisiposimama, unaingia kwenye gari na masanduku yako."

Nkhono akamjibu, "Leta gari kubwa basi, ulirudishe tupu."

Basi nikaenda kufungasha.

Jamani, sikufungasha hata kijiko.

Nilaumu majira. Wakati ule jua la kwetu linaacha ukali, linakugusa mgongoni taratibu. Miti ya mipopla iliyoko mtoni imeanza kugeuka njano, lakini juu tu. Mahindi mabichi ndiyo yako kwenye utamu wake, unayachoma kwa moto wa samadi kavu, unakula ukiwa umeegemea ukuta. Na niligundua kwamba lile jiwe la tatu kutoka kwenye lango la zizi linashika joto kuliko mawe yote. Nikalifanya ofisi.

Mapichi, yale matunda yetu ya kiangazi, yalikuwa yamekatwa vipande na kuanikwa juu ya bati la jiko. Kila nikipita, mkono unapanda wenyewe.

"Keneuoe, hayo ni ya miezi ya baridi!"

"Naonja tu, Nkhono."

"Tangu jana unaonja?"

Siku ya kutoa mablanketi kwenye sanduku la bati, ndani ya mkunjo wa moja nikakuta pichi kavu la mwaka jana. Kipande kimoja, kimejisahau. Nikakila. Msinihukumu, kilikuwa kitamu kuliko vya mwaka huu.

Ndipo nikaanza kuogopa. Hii nyumba ikifungwa, mimi likizo yangu nitaipeleka wapi? Na Nkhono, mwanamke anayeamka kabla ya jogoo kuangalia maharage yake, atakaa kwenye sofa la Maseru atazame nini?

Kwa hiyo nikaanza kulihesabu lile boga kama ndugu. Lilikuwa kubwa mno, la rangi ya chungwa, limekaa peke yake karibu na ukuta wa mawe. Nkhono hakutaka likatwe mpaka Jumapili yenyewe asubuhi. "Bado linakula," alisema. "Huwezi kumwondoa mtu mezani hajashiba."

Na ng'ambo ya ukuta huo ndiko aliko Ntate Sekoala, yaani Mzee Sekoala, mwenye kidole.

Huyu mzee na Nkhono wamegombana tangu mama yangu hajazaliwa. Kuku wamevuka, ugomvi. Moshi umevuka, ugomvi. Tangu mkewe afariki ndiyo imezidi, hazipiti saa chache hujasikia wanarushiana maneno juu ya ukuta. Na kwenye maboga ndiye bingwa wa kijiji. Mwaka ule pia alikuwa na lake, na ukiniuliza mimi, lilikuwa limelizidi letu kidogo.

Sasa umeelewa kwa nini asubuhi ile ya kidole nilipiga kelele.

"Nkhono! Toka nje! Ntate Sekoala analinyooshea boga lako kidole!"

Alitoka na soksi mguu mmoja.

"Wewe mzee! Mikono yako imekosa kazi?"

Ntate Sekoala hakushtuka hata kidogo. Akashusha kidole polepole, akamwita Nkhono kama kijiji kinavyomwita, mama yake Mokhethi. "Najinyoosha tu, 'Mamokhethi. Mifupa imelala vibaya."

"Mifupa yote imehamia kwenye kidole kimoja?"

"Uzeeni kila kitu kinahama."

"Hama na wewe basi!"

Akaondoka zake akipiga mluzi. Nkhono akabaki amesimama, akatazama mlimani, akanusa hewa. Nikadhani anatafuta tusi jingine.

"Leta blanketi langu," akasema.

"Lipi?"

"La kanisani."

Nilichoka. Lile blanketi ndilo analojifunga mabegani kwenda ibadani, mimi mwenyewe siruhusiwi kulikalia. Lakini nikalileta, tukalivisha boga, tukalifunga kwa pini kubwa mbele, kama mama mkwe anayekwenda harusini.

"Mistari isimame!" Nkhono akafoka. "Ukiilaza, litadumaa."

"Nkhono, hilo ni boga."

"Na wewe ulikuwa mtoto mwenye kichwa kama hicho, tukakuvisha mistari imesimama, ukakua."

Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama. Wengine walisalimia. Kuna mama mmoja alilisalimia boga kwanza.

Kesho yake nikadhani vita imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza.

"Sasa nenda kalinyooshee kidole la kwake," Nkhono akaniambia, nikiwa na muhindi mdomoni.

"Mimi?"

"Changu kimepinda kwa baridi yabisi, hakinyooki. Chako bado kipya."

"Nkhono, unaniambia nikaroge boga la mzee wa kanisa?"

"Nakwambia ukanyooshe kidole. Na kabla hujanyoosha, kohoa."

"Nikohoe?"

"Kohoa kwa nguvu."

"Mtu anayekwenda kufanya ubaya anakohoa?"

"Mjukuu wangu hafanyi mambo ya kujificha. Nenda!"

Nikaenda. Mimi ni mtu wa mjini, mambo ya vidole siyaamini. Lakini niwaambie ukweli, nilipofika pale ukutani kidole kikagoma. Nakinyoosha, kinajikunja. Nikakishika kwa mkono wa pili, nikakikazia. Nikakohoa kama mgonjwa.

Ntate Sekoala akatoka na kikombe chake cha chai. Akaniona wazi wazi.

"Inua kidogo," akasema. "Hapo unamwelekezea kuku."

Aibu niliyoipata! Nikainua. Mzee akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye buti zake, akarudi ndani.

Nkhono alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Amekuona?"

"Ameniona, na amenicheka."

"Hakulifunika?"

"Hakuligusa hata."

Akasonya. "Mjinga yule." Akaingia jikoni, na siku nzima akawa anabamiza masufuria. Nikadhani ni hasira za kawaida.

Jumamosi jioni mjomba akafika na gari lake, nyuma amejaza maboksi matupu. Akaliona boga limevaa blanketi. Akalizunguka. Akanitazama mimi.

"Bibi yako yuko sawa kichwani?"

"Usiliguse, mjomba. Lina adui."

"Unaona? Ndiyo maana nasema aje mjini."

Usiku ule tulilala na mablanketi mawili mawili, na bado nilijikunyata.

Asubuhi nilipofungua mlango, uwanja mzima ulikuwa mweupe. Umande ulikuwa umegandia majanini, ukikanyaga unasikia kachu, kachu. Baridi ya namna ile kwetu huja baadaye sana, mwaka ule iliwahi bila kubisha hodi. Majani ya maboga yalikuwa yamelala chini, meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto.

Nkhono alinipita, akapiga magoti palepale kwenye baridi. Blanketi lilikuwa gumu kwa juu. Akachomoa pini. Mjomba alisimama nyuma yetu.

Akafunua.

Jamani, boga lilikuwa zima! Kavu, la chungwa, linang'aa. Nililishika, nikahisi kama lina joto. Nkhono akalipiga kofi moja la mapenzi, akasema, "Amka, tunakwenda kanisani."

Mimi nikakimbilia ukutani. Boga la Ntate Sekoala lilikuwa limepigwa na baridi, limebadilika rangi. Jua lilipolipata, likaanza kulainika na kutoa maji.

Nikakitazama kidole changu. Nikakiingiza mfukoni, na ibada yote sikukitoa. Hata sadaka nilitoa kwa mkono wa kushoto.

Kanisani mjomba ndiye aliyelibeba boga mpaka mbele, anahema. Halikuwa na mpinzani. Nkhono akasimama na blanketi lake, lina doa la udongo palepale kifuani, akaanzisha wimbo kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo. Nililia kidogo. Mjomba naye alikuwa anahangaika na jicho, akasingizia vumbi.

Baada ya chakula, Nkhono akajaza sahani boga lililopikwa likapondwa, akanipa. "Mpelekee yule."

Nilimkuta Ntate Sekoala amekaa mlangoni anaota jua. Nikashindwa kuvumilia.

"Ntate, nisamehe. Kidole changu ndicho kilicholiua boga lako."

"Kidole chako hakikuweza hata kumtisha kuku," akasema, huku anakula. "Ni baridi hiyo. Magoti yangu yaliniambia tangu Alhamisi."

"Ulijua?"

"Nilijua. Sasa niambie, ningemwendea bibi yako nikamwambia afunike boga lake kwa sababu baridi inakuja, angelifunika?"

Nikafikiri. Angelimwagia maji kusudi.

"Kwa hiyo ulinyoosha kidole ili..."

"Ili alivishe. Ila sikutegemea blanketi la kanisani." Akalamba kijiko. "Mokhethi angemchukua, mimi huku ningegombana na nani? Na mbuzi?"

"Na la kwako? Mbona hukulifunika?"

"La kwangu lilikuwa kubwa kuliko lenu, mwanangu. Ungelifunika wewe?"

Nilirudi mbio na ubuyu wangu mkononi. Nikamkuta Nkhono anafuta doa kwenye blanketi. Nikamwaga yote, bila kupumua, nikijua atadondoka.

Hakuinua hata kichwa.

"Nimelima hapa tangu nikiwa bibi harusi," akasema. "Unadhani nahitaji magoti ya Sekoala kunusa baridi?"

"Ulijua?"

"Asubuhi ileile. Nilipomwona na kidole chake nikajua anachotaka. Nikafunika."

"Sasa mbona ulinituma nikalinyooshee la kwake?"

Hapo akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nisiyeona vizuri.

"Nilikwambia ukohoe, au sikukwambia?"

Nikakaa chini. Kikohozi! Alitaka nionekane. Alitaka mzee aone kidole, akasirike, alifunike boga lake. Alikuwa anamwonya, kama yeye alivyoonywa.

"Lakini Nkhono, kama boga lake lingepona, lingelishinda lako. Ungepelekwa Maseru."

"Ningeshindwa kwa haki," akasema. "Mjinga yule kaniharibia." Akainamia blanketi lake, akalisugua lile doa ambalo lilishatoka zamani.

"Nimwambie asante yako?"

"Thubutu! Ukimwambia, ataanza kubisha hodi mlangoni kama watu wa kawaida. Nitaishije?"

Mjomba aliondoka jioni na maboksi yake matupu. Mimi nikasingizia mafua, nikabaki na lile jiwe langu la zizini.

Asubuhi iliyofuata anga ilikuwa safi, jua zuri, nachoma mahindi. Nikainua macho. Ntate Sekoala yuko ukutani, jicho moja kalifumba, kidole kimenyooka kuelekea juu ya bati la jiko, kwenye mapichi.

Nikaangua kicheko. Mapichi tangu lini yakaoza kwa kidole?

Nkhono akatoka mbio. "Wewe mzee usiye na haya! Hata mapichi yangu unayatamani? Ondoka hapo kabla sijakuletea mwiko!"

"Najinyoosha tu, 'Mamokhethi!"

"Kajinyooshe kwenye kaburi!"

Kisha akanigeukia, akanong'ona haraka, "Panda juu ukayaanue. Mvua inakuja."

Nilipoteremka na beseni la mwisho, matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

Nimejifunza nini? Kwamba jirani akikunyooshea kidole, mtukane ukipenda, lakini kwanza geuka utazame anaelekeza wapi. Na siku hizi nikienda kwa Nkhono, nikimkuta yule mzee ametulia tu ukutani, mikono mfukoni, nalala usingizi mzuri na nguo zangu nazianika nje.