Mwaka Niliosubiri Kwenda Ujerumani

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na habari kwamba wanatafutwa wanafunzi wa kwenda kusoma nje kwa muhula mmoja. Tangu hapo hatulii. Anakaa, anainuka, anasimama mlangoni. Namtazama, rafiki yangu, najiona mwenyewe nikiwa kidato cha tatu kule Kasulu.

Shule yetu ilikuwa na urafiki na shule moja ya Ujerumani. Walianza wao kuja. Wakati wa likizo tuliletewa msichana mmoja nyumbani, Kibondo, akalala chumba kimoja na mimi na bibi. Bibi alimfundisha kutwanga muhogo, akatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, huku anacheka. Alipoondoka, mwalimu wa jiografia akatangaza kwamba sasa ni zamu yetu, nami nimo.

Usingizi ukanihama. Nikichota maji, niko Ujerumani. Nikipalilia, jembe linakata mharage badala ya gugu. Pikipiki ikipanda kilima natoka mbio, nikidhani ni mwalimu kaleta pasipoti.

"Tulia, mwana wanje," bibi alikuwa akisema, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. "Utamwaga mboga."

Pasipoti haikuja. Bibi alikimbilia huku kutoka Burundi zamani, akiwa na mama yangu mgongoni. Uraia tulishapata sote, ila ofisini kila tukienda kulikuwa na swali jipya: bibi kazaliwa wapi, alipitia wapi, nani anamfahamu. Akaitwa Kigoma mjini. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akajibu yote. Wakasema tusubiri.

Siku moja mwalimu alishuka basi barabarani, akaja kwa miguu, polepole. Nilijua kabla hajakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Sema tu."

"Wenzake wameondoka jana. Tumehangaika, imeshindikana."

Bibi aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyemzuia."

"Hapana, bibi."

"Ni mimi. Ni kule nilikozaliwa."

Nililia, kisha nikawa nafagia uwanja ambao nilikwisha kuufagia. Jumamosi bibi akaniambia nivae gauni nililoshonewa kwa ajili ya safari. Tukapanda basi hadi Kasulu, tukaunganisha gari la Manyovu. Kila nilipomuuliza tunafuata nini, alitazama dirishani.

Pale mpakani, malori yamepanga foleni na wabadilisha fedha wanaita, alinishika mkono tukapanda hadi mahali palipoinuka. Akanyoosha kidole ng'ambo.

"Kwetu ni kile kilima. Hata mama yako sijamwonyesha."

"Si karibu, bibi? Twende basi."

"Siwezi, mwana wanje. Na macho yangu hayafiki tena. Niambie unaona nini."

Nikamwambia: migomba mpaka juu, njia nyekundu, mama mmoja anapanda na mzigo kichwani, moshi unatoka kwenye nyumba. Akafumba macho. Kila nikinyamaza, ananibonyeza kiganja niendelee.

Baadaye nilikuja kupanda ndege, si mara moja. Urafiki wa zile shule ulikufa kimyakimya, na bibi hayupo. Nikirudi safari watu wa nyumbani wananiuliza kama nimechoka, na nimeleta nini. Hajatokea mwingine wa kunibana mkono hivyo, akitaka kujua moshi ule unatoka nyumba ipi, na kama mlangoni kuna mtu.