Mama Anafunga Ili Nisiolewe

Barua hii imetufikia kutoka Mwanza. Jina la aliyeiandika tunalo sisi, na halitatoka kwetu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, Mkatoliki, mwalimu wa shule ya msingi. Ualimu niliusomea hapa hapa mjini, chuoni Butimba. Wazazi wangu walihamia Mwanza kutoka Bukoba kabla sijazaliwa. Baba alishafariki, nimebaki na mama, ambaye anauza vitenge sokoni. Nawaandikia kwa sababu naogopa, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Kabla yangu mama alipoteza mimba, moja baada ya nyingine, mpaka ndugu wa baba wakaanza kumtafutia baba mke mwingine. Mimba yangu ilipoingia, mama alikwenda kanisani akaweka nadhiri: mtoto akizaliwa mzima, tena wa kike, atakuwa sista. Nikazaliwa mzima, tena wa kike. Hakuna aliyeniuliza, nilikuwa tumboni. Nimekua nikiliona sanduku chini ya kitanda chake lenye mashuka meupe ya kwenda nayo konventi. Wenzangu mama zao waliwawekea kanga.

Wito huo mimi sina. Nimeuomba, nimekaa na masista likizo nzima, sikusikia kitu zaidi ya njaa. Mwishowe nilimpeleka mama kwa padri. Padri akamwambia, "Mama, nadhiri yako haimfungi mtoto. Mwache achague mwenyewe." Mama akaitikia, "Ndiyo, padri," kwa adabu zote. Tulipotoka nje akasema, "Padri huyu kijana. Hakuwepo siku nilipolia."

Mchumba wangu wa kwanza alikuwa karani katika kiwanda cha serikali. Alipokuja kujitambulisha, mama akaanza kufunga na kusali. Haukupita muda, kiwanda kikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na yeye akarudi kwao Tabora. Uchumba ukaishia kwenye barua. Mama akasema, "Mungu amejibu." Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Yaani mama, Mungu auze kiwanda kizima, watu wote wale wakose kazi, ili mimi tu nisiolewe?" Mama hakucheka. Alisema, "Anashindwa nini?"

Wa pili alikuwa kijana wa Nansio, kule kisiwani, muuza mitumba, mcheshi kweli kweli. Huyo nilimpenda sana, sifichi. Mama alimpikia ndizi na samaki, akamwongezea sahani ilipoisha. Alipoondoka tu, mama akaacha kula. Safari hii nilijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Kijana alikwenda kwao kuzungumza na wazee habari za mahari, akashikwa na homa, na wiki haikuisha akafa. Tulipanda meli kwenda kuzika. Mama alipika msibani, akaimba, akamshika mkono mama wa marehemu. Tukiwa melini tunarudi, akanisogelea akaniuliza kwa upole, "Sasa umeamini, mwanangu?"

Nilihama nikaenda kukaa upande mwingine wa meli mpaka Mwanza.

Najua malaria inaua watu kila siku, mimi mwenyewe nawafundisha watoto hayo darasani. Viwanda navyo vinauzwa nchi nzima. Najiambia hivyo kila asubuhi, na mchana nashinda vizuri. Ila nikirudi nyumbani nikamkuta mama amefunika sahani yake bila kula, yale maneno ya asubuhi siyaamini tena.

Sasa yupo wa tatu. Ni mwalimu mwenzangu, anafundisha upande wa Sengerema, na kila akija kuniona lazima avuke maji kwa kivuko pale Busisi. Nilimweleza yote. Akacheka, kama nilivyocheka mimi zamani. "Mama mkwe aombe, na mimi niombe, tuone," akasema. Nilimkataza asirudie maneno hayo. Mshenga wake alipokuja, mama alimpa chai na maandazi akamwambia, "Karibuni sana, baba. Shule zikifunga, wazee waje." Kesho yake hakugusa chakula.

Nikamfuata jikoni. "Mama, unamwomba Mungu nini?"

"Naomba mapenzi yake yatimie."

"Unaomba afe?"

"Mimi sijawahi kumwombea mtu kifo," akasema, huku anapepeta mchele wa kunipikia mimi. "Naomba njia yako isafishwe. Anavyoisafisha ni kazi yake, si yangu."

Juzi jioni, mama akiwa bado sokoni, nilipiga magoti nimwombee mchumba wangu. Nilianza vizuri, nikamtaja kwa jina, nikakitaja na kivuko. Mara nikasikia mdomo wangu unasema, "Bwana, kama kizuizi ni mama, basi mwondoe..." Nikauziba kwa mkono. Sikufika kwenye amina. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jana asubuhi mama hakuamka kwenda sokoni. Anasema kichwa kinamzunguka na miguu haina nguvu. Jirani anasema ni kule kufunga tu, nimpe uji. Nimempikia, anaukataa, anasema siku zake za kufunga hazijaisha. Hospitali pia amekataa. Mchumba wangu ameshatuma salamu kwamba wazee wake wako tayari, wanasubiri shule zifungwe wavuke.

Mchana huu mama ameniita chumbani. Amenishika mkono, mkono wake wa moto, akaniambia, "Niombee, mwanangu. Wewe Mungu atakusikia, wewe ni wake." Akafumba macho akangoja nianze. Nimekaa pale na mdomo wangu umefungwa, mpaka akapitiwa na usingizi.

Ndugu wasomaji, wapo kati yenu wanaosali kuliko mimi. Nimzuie mchumba wangu asivuke? Nitoe yale mashuka chini ya kitanda niende konventi, ili mama ainuke? Au kwanza mniambie hili moja, maana akiamka ataniita tena: nikipiga magoti karibu yake, nimwombee nini?