Picha Iliyopimwa kwa Rozari

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kule kwetu Msanzi, mama yangu amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa kitenge chake cha kanisani, na shangazi yangu Leokadia amepiga magoti kwenye matope akimlenga kwa kopo la maziwa ya unga. Mchana wa siku hiyo gari lingempeleka mama Sumbawanga, na kutoka Sumbawanga angepelekwa Mbeya kupasuliwa tumbo. Nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, lakini kila mtu pale uani alijua kwa nini shangazi alikuwa ametoka mjini na kopo lake.

Mwanangu, wewe na wenzako mnanijia siku hizi hapa mjini Katandala na makopo yenu ya kupigia picha mliyoyatoboa, mnaniuliza, "Bibi, tutumie sindano ipi, na tufungue kwa muda gani?" Mnataka jibu upesi, bodaboda inawasubiri nje. Jibu nitawapa, sina uchoyo. Ila kaeni kwanza, bodaboda haizeeki.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Ufundi wa kupiga picha kwa kopo, karatasi ndani na tundu mbele badala ya kamera, alifundishwa na sista mmoja wa misheni alipokuwa msichana akijifunza kushona, na sista huyo aliporudi kwao alimwachia karatasi za picha na chupa za dawa za kusafishia. Wengi mjini walimwona ana kichaa kidogo. Mimi nilimwona ni mtu wa ajabu, na mpaka leo sijakutana na mwingine wa kumfananisha naye. Kopo alilipaka masizi ndani mpaka likawa jeusi tititi. Kisha alikata kipande cha bati jembamba, akakibonyeza kwa ncha ya sindano bila kukitoboa, akakigeuza na kusugua ule uvimbe kwenye jiwe la kunolea, akabonyeza tena, akasugua tena, hadi ncha ikapenya yenyewe kama imekaribishwa. Halafu alilielekeza tundu mbinguni, akafumba jicho moja na kulichungulia. Likiwa na ukingo uliochanika hata kidogo, bati lile lilitupwa na kazi ikaanza upya. Sikumsikia akinung'unika.

Alijua mambo ambayo ninyi mnayasoma kwenye simu zenu. Kopo fupi linataka tundu dogo, kopo refu linataka tundu kubwa kidogo. Tundu likizidi ukubwa, sura ya mtu inakuwa kama uji. Ukilidogosha kupita kiasi nalo, ukidhani ndiyo utapata picha safi zaidi, ukungu unarudi vilevile, maana kila kitu kina kipimo chake. Na ukipunguza upana wa tundu kwa nusu, muda wa kufungua unazidi mara nne, wala si mara mbili kama nilivyobisha mimi.

Muda huo aliupima kwa rozari. Saa hakuwa nayo, na nadhani hata angepewa asingeitumia. Jua likiwa kali alisali Salamu Maria nne au tano, akafunika tundu. Jua la kujificha, fungu zima la Salamu Maria kumi. Mawingu mazito, mafungu mawili, bila kukimbiza maneno. "Ukiikimbiza sala," alikuwa akisema, "Mungu atakusamehe. Karatasi haitakusamehe."

Basi asubuhi ile mawingu yalikuwa mazito, upepo wa kwetu nao unaujua, unaingia mpaka kwenye mifupa. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili tu, moja ya kupigia, ambayo hutoka nyeusi ikiwa nyeupe, na moja ya kuhamishia picha ionekane sawasawa. Tukiiharibu ya kwanza, basi. Mama alikuwa na maumivu, kukaa wima kwenyewe ilikuwa kazi. Nikamwonea huruma. Nikamwambia shangazi, "Kwa nini tusitoboe kwa ile sindano ya kushonea magunia? Mwanga utaingia mwingi, mama atapumzika mapema."

Shangazi hakunigombeza. Aliniangalia kwanza. "Mwanangu, ukiharakisha leo utapumzisha mgongo wa mama yako, na kesho utakaa na picha ya kitenge kisicho na mtu. Haraka haraka haina baraka. Muulize yeye mwenyewe kama anaweza kungoja."

Mama akasema, "Fungua, wifi. Naweza."

Shangazi akaondoa kizibo kwenye tundu, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Salamu Maria. Sisi watoto tuliitikia nusu ya pili. Mama alituliza mikono mapajani, akatazama kopo bila kuyumba. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, nami nililiona, na nilijua lilikuwa la maumivu. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yangu dakika zile. Alikuwa anatupatia kitu alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho kilikuwa ni kutulia tu.

Fungu la kwanza likaisha. La pili lilipofika katikati, babu Zeno akatokea upande wa kihenge na fimbo yake.

Lazima nikwambie babu Zeno alikuwa nani. Alikuwa baba yake baba yangu na shangazi, kwa hiyo kwa mama alikuwa baba mkwe. Na alikuwa mtu wa kusalimiwa. Mkamwana akimwona hata kwa mbali anaacha alichoshika, anapiga magoti, anapiga makofi polepole kama desturi yetu Wafipa, naye babu anaguna na kupita. Hakuwa mbaya. Alikuwa anapita tu, miaka nenda miaka rudi. Jirani mmoja aliwahi kuchelewa kumwamkia kwa sababu alikuwa anatwanga, na habari ile ilizungumzwa ukoo mzima mpaka mavuno.

Mama alimwona. Nikaona magoti yake yanataka kushuka yenyewe, maana adabu iliyozoeleka mwilini haingoji ruhusa. Angeshuka, picha ingekufa. Asingeshuka, angeondoka kwenda kupasuliwa akiwa amemvunjia heshima mkwe wake, na huenda yasingekuwapo maongezi mengine ya kurekebisha. Macho yake yalijaa maji. Shangazi, binti wa babu mwenyewe, hakugeuka. Alipandisha sauti kidogo tu, akaendelea, Salamu Maria.

Babu akasimama. Akatusikiliza. Kisha akavua kofia yake, akaja taratibu akasimama kando ya mama, akainamisha kichwa, na ilipofika zamu ya kuitikia akaitikia pamoja nasi, kwa sauti ile nzito ya wazee wa jumuiya. Hivyo hivyo mpaka fungu likaisha na shangazi akaziba tundu.

Hapo mama akateremka kwenye kigoda, akapiga magoti. "Shikamoo baba. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Inuka, mkamwana," babu akasema. "Anayesali haachi sala kumwamkia mtu. Nami nimekuombea." Halafu akaligeukia kopo. "Ila hilo kopo la maziwa, mbona mnaliombea?"

Tulicheka sote. Mama alicheka ameshika tumbo lake, na shangazi akaanza kumweleza baba yake mambo ya tundu na mwanga, mzee akitikisa kichwa kama mtu anayeuziwa ng'ombe kipofu. Mchana gari likaja.

Picha aliisafisha shangazi hapa Katandala, kwenye chumba alichoziba madirisha kwa mablanketi, na ilitoka vizuri kupita alivyotarajia. Mama anaonekana kamili, mpaka maua ya kitenge, mpaka mkunjo mdogo kati ya nyusi.

Mama hakurudi, mwanangu. Alirudishwa.

Siku ya kuanua matanga shangazi alimpelekea babu ile picha. Mzee aliishika mbali na macho, kisha karibu. Alimtazama mama muda mrefu. Baadaye akauliza, "Na mimi? Si nilikuwapo?"

Shangazi akamwonyesha kwa kidole. Kando ya mama palikuwa na kitu kama moshi, kina umbo la mtu, na ukuta wa nyumba ulionekana kupitia kifuani pake.

"Mbona niko hivi?"

"Baba, ulikuja sala zimefika mbali. Kopo humpa mtu sawasawa na muda aliosimama."

Nilikuwa nimekaa karibu nao, nikamwona babu anaipangusa picha kwa kidole gumba, pale palipokuwa na kifua chake, kana kwamba kuna vumbi. Kisha akasema, "Kila siku aliyokaa hapa alinipigia magoti, nami nikapita. Nimesimama naye mara moja, tena mwishoni." Mzee yule, ambaye sikuwahi kumwona analia hata msibani kwa mkewe, alilia mbele ya watoto.

Tangu siku hiyo hakupita tena. Ukimwamkia alisimama, akauliza umelalaje, akauliza mguu wa mwanao umepona, ukajibu naye akasikiliza mpaka mwisho. Wakamwana wengine walilalamika kwamba sasa wanachelewa kisimani. Lakini walimpenda, na alipofariki walimlilia kwa kweli.

Sasa jibu lako. Kopo lako hili ni fupi, chukua sindano nyembamba kuliko zote, ncha tu ipenye, na usugue mpaka ukingo uwe laini. Usidanganywe na tundu kubwa kwa sababu linafupisha kazi. Pima muda kwa kitu unachokiheshimu, na usikikimbize. Hayo ni ya kopo.

Yaliyobaki ni ya kwako. Watu husema haraka haraka haina baraka, na ni kweli, lakini wazee hao hao walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Usimharakishe mtu wako, wala usimfikie mwishoni. Mama yako nilimwona juzi sokoni amebeba mzigo, akaniambia siku hizi unakuja nyumbani kulala tu, kumekucha umeshaondoka. Kopo liache hapa kwangu, halitaoza. Nenda ukakae naye leo, na simu uizime.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na moyo usio na pupa. Akupe watu wa kukaa nao, na akujalie uwe umekaa nao vya kutosha siku atakapowaita. Nenda na amani, mwanangu.