Pumzi ya Shemeji

Walimwita Kifua kwa sababu alikuwa nacho, tena kipana. Miaka ishirini na miwili alikata mawe kwa msumeno wa umeme, na kila aliyemwambia avae barakoa alimjibu, "Barakoa ni za wenye mafua." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; huyu yalimvunjika mapafu.

Kiwandani kulikuwa na kipimo kila mwaka: unavuta pumzi, unaipuliza yote kwenye mrija, mashine inasoma. Ukishindwa, unaondolewa kwenye msumeno. Muuguzi aliita watu kwa namba ya kofia, na nyuso zote zilikuwa nyeupe kwa unga wa mawe. Basi kikohozi kilipoanza, miaka minne mfululizo Kifua alimvalisha shemeji yake, kaka wa mkewe, kofia yake namba kumi na tisa. Shemeji alikuwa mpakiaji wa nje, mapafu yake mazima. Hawakupendana hata kidogo. Alikubali kwa ajili ya dada yake tu, na kila mara alisema, "Ipo siku utanitia matatani, jitu wewe."

Siku ikafika. Kifua akawa hawezi kufunga kamba za viatu bila kutweta. Alitaka kiwanda kimpe mashine ya oksijeni ya kukaa nayo nyumbani. Bila hiyo hamalizi mwaka. Daktari wa kiwanda akafungua faili, akanuna.

"Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa. Kuta zake ni nyembamba. Oksijeni inapenya kuingia kwenye damu, hewa chafu inatoka. Vumbi la mawe linazitia makovu, zinakuwa nene, hewa haipiti. Lakini hilo huchukua miaka. Mwaka jana ulipuliza lita nne na nusu. Leo moja na nusu! Ugonjwa huu umeutoa kwingine."

"Aliyepuliza ni shemeji yangu," Kifua akasema, macho chini.

Shemeji akaitwa. Akikiri, kazi hana. "Mimi? Kofia yake sijawahi kuigusa. Mwongo mkubwa huyu!"

Kifua alimtazama. Miaka yote ya kutukanana mezani haikuwa ya bure. Alijua pa kumchoma.

"Daktari, nisamehe," akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Nimekudanganya. Huyu atapuliza nini? Hata kibiriti... kinamshinda kuzima. Nyumbani ndoo... anabebewa na dada yake."

"Nani anabebewa?" Shemeji akaupokonya mrija mezani, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mashine ikasoma lita nne na nusu.

Daktari akalitazama faili, akamtazama yeye. Shemeji akauweka mrija chini polepole. Loo, hasira hasara!

Kifua alipewa mashine ya oksijeni wiki hiyo. Shemeji alifukuzwa siku ileile. Mke wa Kifua alipojua alilofanyiwa kaka yake, alimnunia mumewe, na hadi leo anakwenda kazini bila kumuaga. Anayeshinda na mgonjwa ni yule asiye na kazi.

Kila asubuhi Shemeji anajaza maji kwenye chupa ya mashine inayolowanisha hewa, anaibamiza mahali pake, anamchomeka mrija puani bila huruma. Kisha anavuta kiti, anakaa kumkabili.

"Pumua, jitu," anamwambia. "Pumua vizuri. Hiyo ni kazi yangu unayoivuta."

Kifua anatafuta tusi la kumrudishia. Analo, tena kali, ila pumzi ya kulisema hana.