Nelima Anafumua

Walipovuka Barabara ya Ngong na kushika njia inayoingia Kawangware, Nelima alisimama akatazama nyuma. Kibera ilikuwa imejificha kabisa nyuma ya miti ya Jamhuri. Miaka yote aliyokaa Silanga, sehemu ya chini ya Kibera, Kawangware alikuwa akiisikia tu kwa wateja wake, kama mtu anavyosikia habari za shemeji ambaye hajawahi kukutana naye. Sasa alikuwa ameifikia kwa miguu, tiara, kishada chake kikubwa, ameibeba mgongoni, na kila aliyepishana naye aligeuka kumtazama.

"Wanadhani umebeba mwavuli wa jitu," alisema Filister.

Filister alikuwa jirani yake, muuza makaa. Alifunga kibanda siku hiyo, akasema lazima amwone kwa macho yake huyo mwanamume anayemfundisha mama mzima kuchezea karatasi.

"Si karatasi. Ni kitambaa cha mwavuli."

"Basi ni mwavuli. Kwani nimesema nini?"

Ilikuwa Februari ya mwaka 1996, jua kali, na upepo ulikuwa ukitoka upande wa mashariki bila kupumzika. Kwenye bomba la maji kule Silanga watu huamkiana kwa Kijaluo. Hapa, muuza sukuma wiki aliita wateja kwa Kimaragoli, mwenye bucha akamjibu kwa Kikuyu, na vijana wa steji ya matatu walizungumza Sheng ambayo Nelima aliifahamu nusu, nusu nyingine ikampita. Saa moja na nusu ya kutembea, na tayari lugha ya mtaani ilikuwa imebadilika mdomoni mwa watu. Alipunguza hatua. Hakutaka kufika amechoka.

Nelima alikuwa msusi. Kiti chake cha plastiki kilikaa nje ya mlango wake, na kutwa nzima vidole vyake vilikuwa kwenye vichwa vya wanawake: matuta, rasta, nywele za kuongeza. Mwaka uliotangulia, mzee mmoja aitwaye Murunga alikuja Silanga kumtembelea dadake, akashuka hadi kando ya bwawa lililo chini ya mtaa na kurusha tiara ya nyuzi mbili. Murunga alikuwa amepika melini miaka mingi, na mchezo huo aliupata kwenye pwani za Wazungu. Tiara hiyo haikukaa tu juu kama zile za watoto. Ilikata kona, ikapiga mbizi, ikasimama. Kila mkono ulikuwa na uzi wake. Ukivuta wa kulia inageuka kulia, ukivuta wa kushoto inageuka kushoto. Nelima aliacha kichwa cha mteja nusu, akashuka kuomba kujaribu, na Murunga akampa.

"Kumbuka kitu kimoja," Murunga alimwambia siku hiyo. "Ukizunguka kulia mara moja, zunguka kushoto mara moja. La sivyo nyuzi zinasukana."

Kumwambia msusi hivyo! Nelima alishona tiara yake mwenyewe kwa miavuli mibovu myeusi, katikati akatia kipande chekundu cha gauni la ndani, na mifupa yake ikawa mianzi. Nyuzi alinunua soko la Gikomba, zile za kuvulia samaki. Kisha, kila Jumatatu wateja wakiwa wachache, alienda kando ya bwawa kufanya kile alichokatazwa. Alizungusha kulia, tena kulia, tena kulia, mpaka nyuzi mbili zikawa msuko mmoja kuanzia karibu na mikono yake hadi kwenye tiara. Akagundua kwamba bado inamsikia. Nyuzi ziliteleza moja juu ya nyingine, na mkono wa kulia ukabaki kuwa wa kulia. Ndipo alipopata mtindo wake. Tiara ikiwa juu kabisa, aliiachilia ishuke ikizunguka kushoto kwa kasi, msuko wote ufumuke njiani, na karibu na nyasi nyuzi zinyooke, tiara isimame wima mbele yake kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Watu wa Silanga waliijua. Mtu akiwa kwenye shamba lake la sukuma, au mlangoni akipepeta mchele, aliinua macho na kusema, "Nelima anafumua." Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani aliye huko chini. Kwa mwanamke ambaye kazi yake yote huondoka ikitembea juu ya vichwa vya watu wengine, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa Murunga alikuwa amemtumia ujumbe. Makanisa yalikuwa yakiandaa sherehe kubwa ya vijana mjini, na yeye alikuwa ameombwa kuonyesha tiara. Alitaka warushaji watatu. Wawili alikuwa nao. Nelima ndiye angekuwa wa tatu, kama angefaa. Nelima aliitaka nafasi hiyo sana. Alitaka Nairobi nzima ione kile ambacho mpaka sasa kilionekana na wakulima wa sukuma peke yao.

Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, bila hata unyasi mmoja. Murunga aliwapokea kwa furaha, akamwita Nelima mukhana wefwe, binti wa kwetu. Pembeni yake walisimama Ouma, kijana mrefu fundi wa baiskeli, na Daisy, mshonaji, kila mmoja na tiara ya buluu. Tiara ya tatu ya buluu ilikuwa imelala chini, mpya.

"Niaje, siste," alisema Ouma. "Hiyo yako ni kite ama ni popo?"

"Ngoja iruke utajua."

Aliirusha. Upepo wa Kawangware ulikuwa na nguvu kuliko wa bwawani, na tiara ilipanda ikipiga kelele. Nelima alianza kusuka: kulia, kulia, kulia. Kila mara ilipopiga mbizi karibu na ardhi, nyuzi zilijiburura mavumbini kabla ya kupanda tena. Hakulijali hilo. Ilipofika juu kabisa alivuta kushoto ili afumue.

Hakuna kilichotokea. Alivuta tena kwa bega zima. Nyuzi zilikuwa zimeshikana kama fimbo. Tiara ikainamisha kichwa, ikaja moja kwa moja, ikajichomeka kwenye udongo kwa mlio wa mwanzi uliovunjika.

"Manze!" Ouma alipiga makofi. "Hiyo haijafumuka, imenyolewa!"

Hata Daisy alicheka. Nelima alitembea hadi ilipoanguka, akapiga magoti na kupitisha uzi kati ya vidole viwili. Ulikuwa mkavu, wenye chenga, mwekundu. Akanusa. Mafuta ya nywele. Mikono yake ilikuwa na mafuta siku zote, asubuhi hadi jioni, na kwa miezi yote hiyo nyuzi zilikuwa zikiyanywa. Kule kwenye nyasi za bwawa mafuta yalizitelezesha. Hapa yaliokota kila punje ya vumbi mpaka yakawa matope.

Murunga alimfuata polepole. Hakucheka.

"Ndiyo maana nilikuambia. Kulia moja, kushoto moja. Chukua ile ya buluu, simama nyuma ya Daisy, fuata anachofanya. Utafaa sana."

"Shida si kusuka, Mzee. Shida ni mafuta yangu. Nipe nafasi moja."

"Nelima..."

"Moja."

Alinunua mafuta ya taa kidogo kwenye kioski kando ya uwanja, akarudi na kunyoosha mkono kwa Filister. "Leso."

"Hii? Hii niliinunua Krismasi!"

"Filister."

"Utanifulia. Na utanisuka bure mpaka Pasaka." Lakini alikuwa tayari anaifungua kiunoni. Wawili hao walisugua nyuzi kutoka mwisho hadi mwisho mpaka leso ikawa nyekundu na ikanuka jiko. Nelima aliufunga mwanzi kwa kipande cha mpira, akajisugua mikono kwa mchanga, akarudi kwenye nafasi yake.

Mara hii hakuharakisha. Kulia. Tena kulia. Alisikia nyuzi zikikumbatiana, akasikiliza kwa viganja jinsi zilivyokubali. Juu kabisa alisita kidogo, kisha akaiachilia. Tiara nyeusi ikashuka ikizunguka kushoto, kipande chekundu kikawa duara, na wanawake waliokuwa wakichota maji nje ya uwanja wakaacha ndoo. Urefu wa magoti kutoka ardhini nyuzi zikanyooka. Tiara ikasimama.

"Wololo!" mmoja wa wale wanawake aliita. "Mama, rudia hiyo!"

Nelima alimgeukia Murunga. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimpa tumaini kwa muda mfupi.

"Ni nzuri," alisema Murunga. "Ukiwa peke yako, ni nzuri. Lakini mkiwa watatu mnapita nafasi nyembamba kuliko mlango. Nyuzi zako zikigoma kama zilivyogoma mara ya kwanza, mnaanguka wewe na Daisy na Ouma. Siwezi."

Nelima alikubali kwamba hilo lilikuwa kweli. "Basi rukeni nyinyi. Mkimaliza, niacheni niruke peke yangu kidogo. Mara moja, nitoke."

Murunga alitikisa kichwa. "Nimeahidi watatu wanaoruka kama mmoja. Buluu, buluu, buluu. Ukitokea na hiyo nyeusi, watu watasahau yote waliyoona. Wataulizana, yule mmoja ni nani?"

"Si waulize!" alisema Nelima. "Kwani ni dhambi?"

"Ni sherehe ya kanisa, mukhana. Si ya Nelima."

Aliokota tiara ya buluu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akamnyooshea. Ilikuwa nzuri. Mifupa yake ilikuwa myepesi, ya kutoka ng'ambo, na Nelima alijua kabla ya kuishika kwamba ingemtii kuliko yake. Aliishika, akaipima uzito, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha heshima.

"Ulinifundisha kuvuta, na asante. Lakini wewe unataka mtu wa kujaza nafasi, na mimi sikutembea kutoka Silanga kuja kujaza nafasi. Siku ya sherehe nitakuwa bwawani. Anayetaka kuniona, njia anaijua."

"Utajuta. Bwawani nani atakuona?"

"Wale wanaonijua."

Alikunja tiara yake na kuitupa mgongoni. Filister alikuwa bado anatandaza leso juu ya mlingoti wa goli ili harufu ipungue. "Wewe tangulia," alisema, "mimi sitapita Jamhuri nikinuka kama stovu." Nelima alicheka, na bila kupunguza mwendo akapita kati ya wale wanawake wa ndoo, akapotea kwenye kona ya bucha.

Murunga alimwita mara moja. Kisha alichukua mwenyewe ile ya tatu, akawapanga Ouma na Daisy, na mazoezi yakaendelea. Tiara tatu za buluu zilipanda pamoja, zikakata kona pamoja, zikashuka bega kwa bega. Zilipendeza. Filister alikaa juu ya jiwe akizitazama mpaka shingo ikamuuma, na walipopumzika akamwita yule kijana mrefu.

"Sema, fundi. Hapo juu, yako ilikuwa ni ipi?"

"Ile ya..." Ouma aliinua kidole kuelekea angani, mahali ambapo tiara hazikuwepo tena, akakisogeza kushoto, akakirudisha kulia.