Disketi ya Mama Kabedi na Daftari la Mitumbwi

Siku yangu ya kwanza kwenye kompyuta nilinawa mikono mara mbili, kwa sababu nilitoka kupima nyavu na nilinuka samaki. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ofisi yetu ya uvuvi pale Nchelenge ilikuwa imepata mashine moja, na mkubwa wetu, Afisa wa Uvuvi, alinichagua mimi. Sijui kwa nini. Shule yangu ilikuwa fupi. Nilikuwa nimefanya kazi Puta, kisha Mununga, nikipima macho ya nyavu kwa kijiti. Labda ni kwa sababu nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na yeye alisoma Lubumbashi, basi Kiswahili chetu kilikuwa kimoja, kile cha kusema njo badala ya ndiyo.

Kazi yangu ilikuwa daftari la mitumbwi: mwenye chombo, watu wake, na kijiji cha kila mmoja.

"Ziwa ikikamata mutu," Afisa aliniambia, "hii daftari njo itatuonyesha mulango ya kubisha."

Mashine ilipokuja, akaamuru tuache kuandika kitabuni, tuandike humo tu.

Alinifundisha pia habari ya virusi, yaani programu ndogo ya uharibifu inayojificha ndani ya disketi. Disketi ilikuwa kiganda bapa cha plastiki tulichobebea kazi kutoka mashine moja hadi nyingine. Kila disketi ya mgeni ilipaswa kupitishwa kwanza kwenye programu ya kukagua, nusu saa nzima mashine ikinguruma.

"Hata miye nikikuletea, kagua."

"Hata yenu, Ba Afisa?" nikauliza, kwa "Ba" ya heshima.

"Hata ya mama yangu muzazi!" Tukacheka.

Kisha akaja Mama Kabedi, mchuuzi wa samaki kutoka Kongo, kitambaa cha msiba kichwani.

"Papa Musonda, dada yangu amekufa kule Mununga. Programu ya ibada iko mu hii disketi, mwipwa yangu aliipiga mu mashine Lubumbashi. Unichapie. Lori inaningoja."

"Pole sana, mama. Kwanza niikague."

"Unakagua nini? Iko majina ya nyimbo tu. Leo kilio inakaguliwa kama gunia ya samaki?"

Kwetu mwenye msiba hapekuliwi. Hata kwenye kizuizi cha barabara polisi humwacha apite na mizigo yake. Nami nilikuwa nimemzika mke wangu miezi michache kabla. Nilijua kungoja kulivyo siku kama ile. Nikaingiza disketi bila kukagua, nikamchapia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Siku chache baadaye daftari lilifunguka nusu. Majina yalikuwa yamegeuka alama nisizozijua. Nilikaa mbele ya mashine hadi saa sita mchana bila kumwambia mtu. Kisha nikachukua disketi ya akiba, nakala tuliyoitunza kabatini, nikaiingiza. Nilidhani nakala nzima itaiponya mashine. Pembeni mwa disketi kuna kitufe cha kusukuma, kinachofungua na kuziba tundu dogo. Tundu likiwa wazi, mashine husoma tu, haiwezi kuandika wala kufuta. Sikukisukuma. Virusi vikapanda humo pia, na nakala ikaharibika mbele ya macho yangu.

Wiki hiyohiyo upepo ulizamisha mtumbwi karibu na kisiwa cha Kilwa, humo ziwani. Walikufa wanne, mwenye chombo akiwa mmojawao. Watatu walikuwa wa kisiwani. Wa nne alikuwa kibarua kutoka ng'ambo, aliyekuja baada ya kitabu kufungwa. Nilimkumbuka alivyosimama mezani kwangu, kofia mkononi. Jina lake Ilunga. Kijiji alikitaja polepole ili nisikosee, nami nikakiandika, nikakisahau.

Nilivuka hadi Kilwa, nikauliza kijiji chake nyumba kwa nyumba.

"Weye njo ulimwandika, Papa," bibi mmoja akaniambia. "Sasa unatuuliza siye?"

Tulimzika bila ndugu hata mmoja.

Fundi alikuja kutoka Mansa. Alikuta virusi vilevile kwenye disketi mbili: ya Mama Kabedi, aliyokuwa ameisahau mezani, na ya Afisa mwenyewe, yenye mchezo wa karata aliokuwa akicheza kwenye mashine yetu.

"Gani iliingia kwanza?" nikauliza.

"Siwezi kujua, mzee."

Afisa alitazama dirishani. "Bon, sawa. Andika mu ripoti kwamba mashine ilichoka."

Niliandika kwamba niliingiza disketi ya mgeni bila kukagua, na kwamba ya Afisa pia ilikutwa na virusi. Aliisoma mara mbili.

"Weye iko mutu ya namna gani?" akasema. Nikamsogezea kalamu. Akatia sahihi.

Sasa nimestaafu, na bado sielewi kosa lilianzia wapi. Disketi hazipo tena, lakini nawaona ninyi mkichomeka vijiti vya flashi vya kila rafiki na kufungua barua pepe ya msiyemjua kwa kuwa imeandikwa kwamba ni ya haraka. Kagueni, hata cha mwenye machozi. Mpeni kiti na maji, mkae naye hadi mashine imalize. Nakala ya akiba iwekeni mbali, msiitie kwenye mashine inayougua.

Nimevuka ng'ambo mara nyingi kuuliza habari za Ilunga aliyekwenda kuvua asirudi. Wananikaribisha vizuri. Wanasema akina Ilunga ni wengi, kisha wananiuliza: wa kijiji gani?