Waliojitoa Wenyewe

Miaka minne nilimsaidia mchumi mmoja mzee kutoka Israeli, katika ofisi ya utafiti hapa Washington. Fani yake ni uchumi wa ustawi. Usiogope jina: wachumi wengine huuliza nchi imezalisha nini, yeye huuliza nani amelala ameshiba. Alikulia Yerusalemu wakati wa chakula cha mgawo, akaja kuisaidia serikali ya kwao kupanga posho za watoto, kisha akahamia huku kufundisha.

Alikuwa na sharti moja: kabla ripoti haijatoka, tumtembelee angalau mtu mmoja aliyemo ndani yake. Wenzetu walimcheka. "Babu anakwenda kunywa chai tena!"

Ripoti yangu ya kwanza ilihusu msaada wa chakula. Familia ambazo hazikurudisha fomu ya kila mwaka ya kuomba upya ziliwekwa chini ya "waliojitoa wenyewe", na mkuu wetu akaongeza sentensi kwamba hazihitaji tena msaada. Tukaenda Hyattsville, mji mdogo kando ya Washington, kwa mama mmoja Mkongo aliyekubali kutupokea. Mimi nilikuwa mkalimani.

"Miye nijitoe?" Alicheka. "Barua walituma kwa nyumba ya zamani. Nikapiga simu, wakaningojesha mpaka simu ikazima. Dada, uliza huyu papa, huyu mzee: kuna mama anakataa chakula ya watoto?"

Profesa hakujitetea. Alimwomba radhi.

Kesho yake alidai sentensi ile ifutwe. Mkuu alikuwa akitafuna keki, makombo yakiangukia orodha ya majina ya familia zile.

"Mama mmoja si takwimu, Profesa."

"Basi tuwapigie wengine."

"Muda umekwisha." Akapangusa makombo kwa kiganja, majina na yote, kama anafuta meza ya mgahawa.

Profesa akakata jina lake kwenye jalada. Akanisogezea kalamu. "Lako uliamue mwenyewe, binti yangu. Sitakulaumu."

Viza yangu ilidhaminiwa na ofisi ile. Sikuigusa kalamu.

Ripoti ilitoka kwa jina langu na la mkuu, sentensi ile ikiwamo. Wiki hiyohiyo yule mama akanipigia. "Dada, mliandika vile nilisema?"

"Bado tunaandika, mama," nikamjibu, nakala iliyochapwa ikiwa mapajani mwangu.

"Mungu akubariki," akasema.

Nilikwenda kusukutua mdomo.